Fimbo ya Shubiri Tano

Mpendwa Baba Mkwe,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na ni vizuri ulijue hilo mapema usije ukatafuta salamu ndefu za heshima hapa juu. Jumamosi iliyopita mwalimu mmoja mstaafu wa Kiminini aliingia karakana yangu hapa Kitale akaniambia kwamba mkono wake wa kulia umeanza kuruka kila anapotaka kusukuma mpira shimoni. Anataka fimbo ya gofu kama ile uliyokuwa nayo wewe. Nikamwambia asimame wima. Nikashika kiganja chake cha kushoto, nikakiweka kifuani pake, nikateremsha tepu hadi sakafuni, nikaandika. Kazi ilikwisha kabla chai yangu haijapoa. Akanishukuru, akaenda zake. Nikabaki na tepu mkononi, hasira zikanipanda, kwa sababu kwa kipimo hicho hicho kimoja wewe ulinisumbua tangu watu wanapanda mahindi hadi wakavuna.

Acha nikukumbushe tulikoanzia, maana ulikuwa na tabia ya kukumbuka mambo upande unaokufaa.

Siku Wafula aliponileta Myanga kunionyesha kwenu, nilivaa gauni la kijani, nikavuka ua, nikakunyooshea mkono. "Habari yako, Baba." Ulirudisha mikono yako miwili nyuma ya mgongo kana kwamba nimekuja nimeshika upupu. Mkono wangu ukabaki hewani. Mama Mkwe alicheka, akanivuta jikoni, akanieleza kwamba kwenu baba mkwe na mkaza mwana hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, wala hawapeani kitu mkononi. Mmoja anaweka chini, mwingine anaokota. Ni heshima, akasema. Nikaitikia. Mimi nimezaliwa Saboti, katika familia ya Wakikuyu waliohamia huko zamani, na kwetu pia kuna heshima, lakini heshima yetu ina mikono.

Nilikubali. Ningefanya nini? Nilimpenda Wafula. Ila hakuna aliyenitahadharisha kwamba wewe ndiwe yule afisa wa kilimo aliyefanya kazi Kitale miaka yote ile, akajifunza gofu, akastaafu, akarudi Myanga, lakini kila Jumamosi lazima arudi kucheza. Na mimi kazi yangu, niliyoirithi kwa baba yangu mzazi, ni kutengeneza fimbo za gofu katika kibanda kilicho kando ya uwanja: kubadilisha raba za kushikia, kunyoosha mipini iliyopinda, kukata, kurefusha. Kwa hiyo fundi pekee aliyeweza kukutengenezea fimbo alikuwa ndiye mtu pekee ambaye hukuweza kumpa fimbo mkononi. Ulikuwa ukifika unaweka mfuko kwenye nyasi mlangoni pangu, unakohoa mara mbili, unasogea hadi kwenye michongoma, unanipa ubavu. Ndipo nami natoka kuuchukua. Wateja wangu walidhani tumegombana. Mmoja alijitolea kutupatanisha.

Lakini nikiri jambo moja. Nilizipenda Jumamosi zile. Wafula alikuwa akifanya kazi Lodwar na kuja nyumbani mara chache, na baba yangu alikuwa ameshafariki. Wewe ndiwe uliyekuwa mgeni wangu wa kila wiki. Ulisimama pale kwenye michongoma, macho yako kwenye Mlima Elgon, ukanihadithia habari za Myanga huku umenigeuzia sikio: ng'ombe amezaa, Mama anaumwa goti, mahindi ya jirani yamepandwa karibu karibu na amekataa ushauri. Nilikuwa nikiacha kazi ili nisikilize.

Kisha mkono wako ukaanza kuruka.

Hukunieleza. Nilijionea mwenyewe kutoka dirishani. Ulikuwa ukifika kwenye grini, zile nyasi fupi laini zinazozunguka shimo, mpira uko hatua moja tu, unainama, unapumua, na ghafla kifundo cha mkono wa kulia kinashtuka na mpira unalipita shimo kwa mbio. Ulilaumu nyasi. Ukalaumu mipira. Ukanilaumu mimi, ati nimeifunga raba vibaya, nami nikaifunga upya mara tatu nikijua fika kwamba raba haina kosa. Halafu yakaja mashindano ya Kombe la Wazee. Kwenye shimo la mwisho ulisukuma mara nne mpira ambao mjukuu wako Nekesa, aliyekuwa bado chekechea, angeuingiza kwa teke. Wenzako walitazama pembeni kwa huruma, na nadhani huruma ile ndiyo iliyokuumiza.

Siku hiyo uliweka mfuko mlangoni bila kukohoa. Ukaiambia michongoma, "Kombe la mwaka kesho likikuja na hii mkono bado inaruka, hii vitu yote nachoma. Kitale nitakuwa narudi kufanya nini?"

Ulisema kwa utaratibu, kama mtu anayetangaza siku ya kuchanja ng'ombe, na nilikuwa nimekuzoea vya kutosha kujua kwamba utafanya hivyo kweli. Niliogopa, Baba. Sikuogopa kwa ajili ya gofu. Niliogopa Jumamosi zisizo na kikohozi mlangoni.

Basi mimi ndiye niliyetafuta dawa, na naomba hilo liandikwe mahali. Katika gazeti kuukuu la gofu, lililoachwa na mgeni, nilikuta picha ya mtu anayesukuma mpira ubavuni mwake. Hainami pembeni ya mpira kama watu wote. Anasimama akilielekea shimo uso kwa uso, miguu yote upande mmoja, mpira uko nje ya mguu wake wa kulia. Mkono wa kushoto unashika ncha ya juu ya fimbo karibu na kifua na kutulia hapo, na mkono wa kulia uko chini, unaisukuma mbele taratibu kutoka begani. Kifundo hakina kazi, na kisichokuwa na kazi hakishtuki. Nilikata ukurasa, nikauweka kwenye nyasi, nikarudi ndani. Uliusoma muda mrefu.

"Huyu anafagia," ukasema.

Lakini wiki hiyo hiyo Mama Mkwe alinipigia simu. Unakumbuka siku hizo simu ilishika Myanga mtu akipanda kichuguu tu. Basi mama wa watu na goti lake alipanda kichuguu ili aniambie kwamba mzee amechukua mpini wa jembe, anasukuma ndimu uani kuelekea kikombe cha bati, na kuku wote wamehamia kwa jirani. Nikamuuliza, ndimu zinaingia? Akasema zinaingia, bana, na hakuna ruhusa mtu kupita.

Hapo ndipo tabu yangu ilipoanza rasmi, kwa sababu fimbo ya kusukumia kwa mtindo huo haiokotwi dukani. Huichagui kwa kupenda rangi. Na wewe ulitaka kuichagua kwa kupenda rangi.

Kwanza ulitaka mpini usimame wima kabisa kama nguzo, kwa kuwa mchezaji mwenyewe anasimama kando yake. Nikakuambia sheria za gofu hazikubali. Lazima mpini ulale kidogo, angalau nyuzi kumi kutoka wima. Ukaniambia kitu kilicholala ni kitu kilichotengenezwa vibaya, na kwamba enzi zako uliwahi kumng'olesha mkulima nguzo za ua mzima kwa sababu zililala. Nikasema huu si ua. Tulibishana Jumamosi mbili, wewe ukiwa kwenye michongoma na mimi mlangoni, tukipaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Mwishowe nilileta kitabu cha sheria nikakiweka kwenye nyasi. Ulisoma, ukakirudisha chini, ukasema hao watu wana shida. Kwamba una shida wewe, hilo halikukupitia akilini.

Kisha kichwa cha fimbo. Ulitaka chepesi chenye kung'aa, kama kile cha fimbo yako ya zamani. Mimi nilitaka kizito, maana fimbo ndefu yenye kichwa chepesi inayumbayumba, na mpini uingie karibu na katikati ya kichwa ili kisijipinde unapogonga, na juu yake uwe na mstari mweupe utakaouona vizuri ukiwa umesimama nyuma yake. Ukasema mstari ni wa watu wasiojua kulenga. Nilikuwa nimekuona ukilenga.

Na miguu! Ulikuwa umejizoeza Myanga kusimama umeipanua miguu huku na huku, njia ya mpira ikipita katikati, kama mtu anayepanda mtaro wa maharagwe. Hilo nalo limekatazwa. Nikakwambia miguu yote ikae upande mmoja. Ukauliza, "Nani ataona?" Nikakujibu kwamba mimi nitaona. Ulichukia siku nzima.

Yote hayo niliyamaliza. Nikabaki na urefu. Na urefu, Baba, haukuwa wangu. Mpini, kichwa, raba mbili zilizoachana, hayo ni ufundi. Lakini urefu ni mwili wa mtu. Unapimwa kutoka pale mkono wa kushoto unapotulia kifuani hadi ardhini, mtu akiwa amevaa viatu vyake vya kuchezea. Mimi nisingeweza kukusogelea na tepu. Nikampa Mama kazi: achukue kamba, akupime, afunge fundo, anitumie.

Akapanda tena kichuguu. "Mzee amekataa kabisa. Anasema kamba ni ya fundi wa sanduku la kuzikia, na yeye bado anakula ugali."

Nikamwambia basi atumie tepu. Akasema hata fundi wa sanduku siku hizi ana tepu. Nilikaa kwenye benchi la karakana nikacheka kwa uchungu. Mkono haushikwi, kamba haikubaliwi, tepu ni ya maiti. Halafu watu wanasema kazi ya fundi ni chuma. Kazi ya fundi ni watu, na chuma ni mapumziko.

Hatimaye ulituma neno kwamba umejipima mwenyewe kwa mkono wako. Shubiri tano kamili, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mara tano. Ukaongeza kwamba nisipunguze.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu nalibeba mwenyewe. Nilichukua mpini mrefu niliokuwa nimeutunza, nikaulaza mezani, nikatandaza mkono wangu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikakata.

Ilikuwa fimbo nzuri. Niliiweka kwenye nyasi nikiwa na majivuno yangu madogo. Uliichukua, ukaenda nayo kwenye grini ya mazoezi, ukasimama kando ya mpira, na ukajikuta umeinama kama mtu aliyeangusha sindano. Mkono wa kushoto, badala ya kukaa kifuani, ulikaa tumboni. Ukarudi. Uliiangalia fimbo, ukaiangalia michongoma.

"Nilisema shubiri tano."

"Na ni tano, Baba."

Ukaniambia nihesabu. Uliiweka chini, nikapiga magoti nikahesabu mbele yako, zikatimia tano. Nikaondoka, ukachuchumaa wewe, ukahesabu mbele yangu. Ulipofika ya nne fimbo ilikuwa karibu imekwisha. Shubiri yako ya tano ilitandazwa juu ya nyasi tupu.

Nilikuwa nimeolewa kwenu mwaka wa saba. Nilijua unakohoa vipi, unakunywa chai na sukari kiasi gani, unachukia nini katika mahindi ya jirani. Sikujua mkono wako ni mkubwa kiasi gani. Ningejulia wapi? Watu wengine hulijua hilo siku ya kwanza, mlangoni, kabla hata ya kuambiwa jina.

Nilipandwa na hasira, na kwa mara ya kwanza nikakusemesha kwa ukali. "Baba, hii heshima yako itakunyima kucheza."

Ukajibu bila kugeuka, "Si heshima imekata hiyo fimbo. Ni wewe."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulionikera hadi nikafunga mlango kwa kishindo. Mpini ukishakatwa haukui. Niliagiza mwingine, ukachukua wiki nyingi, na Kombe la Wazee likawa linakaribia. Nikamtumia Mama ujumbe, niliouandika kwa makini kama barua ya serikali: sihitaji mkono wa mzee, nahitaji ukubwa wake. Ajue atakavyofanya.

Jumamosi iliyofuata ulikohoa mara mbili. Kwenye nyasi kulikuwa na karatasi ya kaki, pakiti ya sukari iliyochanwa ikanyooshwa, na juu yake umewekea kijiwe isipeperushwe. Ulikuwa umetandaza mkono wako wa kushoto juu ya karatasi ile ukauchora ukingo wake kwa biro, kidole kwa kidole. Mstari umeruka mahali pawili, kwenye kidole cha kati na chini karibu na kifundo, kwa sababu aliyeshika biro ni ule mkono wa kulia wenye matatizo. Na kando ya kidole gumba, kwa mwandiko wako wa ofisini, ukaandika: "Mkono huu ni wa kupimia tu." Chini yake ukatia sahihi.

Ulitia sahihi, Baba! Nilikimbilia ndani nikacheka hadi nikashika meza. Nilijitahidi usinisikie. Najua ulinisikia, maana nilipotoka ulikuwa umeubana mdomo.

Nilipima kwenye karatasi mara tano. Sikukata hadi nilipopima tena. Fimbo ilipokamilika ilifika pale ilipopaswa kufika, na ulisimama nayo wima kama askari, shimo mbele yako. Nilisimama dirishani nikawaza kwamba shimo unalitazama uso kwa uso, na mimi unanipa ubavu.

Siku ya Kombe kuna waliocheka. Mmoja alisema mzee sasa anafagia uwanja. Hukujibu. Kwenye shimo la mwisho, lile lile, mpira ulibaki hatua mbili. Niliacha mteja na fimbo yake nikatoka nje. Uliweka miguu yote upande mmoja. Niliiangalia miguu kwanza. Mkono wa kulia ukaenda nyuma kidogo, ukarudi mbele, haukushtuka, na mpira ukaingia polepole. Hukushinda chochote. Ulikuwa wa sita au wa saba. Ulivua kofia, ukaivaa tena, ukaja hadi mlangoni pangu, ukaweka mfuko kwenye nyasi na kukohoa mara mbili.

"Wiki ijayo," ukaiambia michongoma, "uangalie hii raba ya chini. Inateleza kidogo."

Haikuwa inateleza. Niliifunga mimi. Lakini uliposema wiki ijayo, niliingia ndani nikafuta macho na kitambaa chenye grisi, nikapaka uso mzima. Ulikuja wiki ile, na nyingine, na miaka mitatu ya Jumamosi baada yake. Hukusema asante hata mara moja, na hilo bado tutalizungumza siku moja.

Ulipolazwa Bungoma, Wafula aliingia ndani na mimi nikasimama mlangoni mwa wodi, kama ilivyo desturi. Mkono wako ulikuwa juu ya blanketi, umetulia kabisa. Ulinigeuzia uso mzima. Uliuliza kama fimbo iko, nikasema iko. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho: fimbo iko. Siku mbili baadaye fundi wa sanduku alifika Myanga na tepu, nami nilikuwa jikoni na akina mama, nikamsikia akisoma urefu wako kwa sauti. Nilisimama pale nilipoambiwa nisimame. Nilitupa udongo wangu kaburini zamu yangu ilipofika. Sikukugusa. Nilifuata kila kitu, Baba, na nilikuwa na hasira nikifuata, na hata leo sijui kama hasira ile ilikuwa kwako au kwa desturi au ni huzuni tu.

Na sasa huyu mwalimu wa Kiminini. Ananiachia mkono wake kama kitu cha kawaida. Nimeushika, nimeupima, nimeurudisha. Sikujua kwamba jambo jepesi namna hiyo linaweza kumuumiza mtu.

Wafula anataka fimbo ikatundikwe sebuleni Myanga. Aichukue. Karatasi sijamwonyesha. Mwalimu alipoondoka nilifunga mlango mchana kweupe, wateja wakanisamehe, nikaitoa kwenye kopo la biskuti ninamoifichia. Nikailaza mezani pale pale nilipokatia ile fimbo fupi. Wino haujafifia. Amri yako iko palepale, na sahihi yake. Nimeitii miaka yote hii. Nimeitumia karatasi ile kupimia tu.

Jumamosi hiyo nilikaidi. Niliuweka mkono wangu juu ya mkono wako. Vidole vyangu vinaishia njiani, kila kimoja kinabakisha pingili nzima, na pale biro iliporuka karatasi imetobolewa kidogo, nikapahisi kwa ncha ya kidole. Kusalimu kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu, kwenu na kwetu, lakini ndio pekee ulioniachia. Niliuacha hapo hadi chai ikapoa kabisa.

Kwa hiyo pumzika, wala usinikasirikie. Zamu ya kukasirika bado ni yangu. Nakuaga kwa maneno yale niliyokuja nayo kwenu nikiwa na gauni la kijani, na safari hii mkono haukubaki hewani.

Habari yako, Baba.

Ni mimi mkaza mwana wako,
Mama Nekesa